Mwanamfalme Aliyeliliwa na Jumuiya Yetu

Nichekeni tu, nastahili. Binti yangu Adela hunisomea hadithi zake za watoto tukichambua maharage, na mwanamfalme aliyelogwa akafungwa pangoni alikuwa ameninyima raha, mtu mzima mimi. Jumapili kwenye jumuiya tulipoulizwa nia za maombi, mdomo ukanitangulia: "Tumwombee kijana mmoja, amelogwa, amefungwa pangoni."

Watu wakapiga magoti. Kina mama wakalia. Ningeanzia wapi kueleza?

Kesho yake mwenyekiti akaja na wenzake, wamejitwika mikungu ya ndizi.

"Tupeleke kwao, tukawape pole wazazi. Ni kijana wa Kituntu au wa Nyakatuntu?"

Adela, mwenye adabu zake, akanitangulia kujibu.

"Shikamooni. Ni wa kitabu cha pili."