Udongo Niliotia Saini

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya ngozi vyenye kisigino. Nilikuwa nimetoka Pemba na shahada ya elimu ya udongo, na miaka kumi na minne ya wizara ya kilimo nyuma yangu, nikadhani Birmingham wataniweka ofisini. Msimamizi wa Uwandani, Mwingereza mmoja mtu mzima, alinitazama miguuni, akaenda nyuma ya gari, akarudi na buti za mpira namba tisa. Mimi navaa namba tano. "Leo utavaa hizi," akasema. "Kesho utakuja na zako." Nikazivaa, nikapiga nazo tope la ukingo wa mto mchana kutwa, na sikumpa nafasi ya kuniona nimechoka.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, na mwajiri wangu alikuwa bodi ya maliasili ya kanda, chombo ambacho vijana wa leo hamkijui kwa sababu kilishavunjwa. Tulisimamia vitu ambavyo mtu wa mjini huvikumbuka vikimharibikia: maji ya mito na mifereji, miti mikubwa, na ardhi, hasa ile iliyoachwa na viwanda. Nilianza ngazi ya chini kabisa, mchukua sampuli. Kazi yenyewe ni kuzungusha kekee, yaani bomba la chuma lenye meno, mpaka lizame, kisha unalitoa na udongo ndani yake umejipanga tabaka kwa tabaka: mweusi wa juu, kifusi cha matofali, majivu, halafu mfinyanzi mwekundu. Kila tabaka lina mfuko wake, na juu ya mfuko unaandika kina na rangi. Msimamizi alinifundisha kuviringisha udongo viganjani uwe uzi. Uzi ukikatika upesi, mchanga umezidi. Hilo nililijua tangu Pemba, lakini nilimwachia anifundishe, maana wakubwa hupenda.

Nilipanda vyeo haraka, na sitajifanya sijui kwa nini. Nilikuwa hodari. Kutoka kuchukua sampuli nikawa Afisa Ardhi, kisha Msaidizi wa Mkurugenzi, chini ya mzee aliyekuwa akisoma kila faili kwa kusimama ili asisinzie. Alipoondoka yeye, nikateuliwa mimi.

Nasema kuteuliwa kwa makusudi. Cheo cha Mkurugenzi wa Maliasili hakiombwi kama kazi nyingine. Mwenyekiti wa bodi hupendekeza jina, wajumbe hupiga kura, nawe unapewa barua. Na barua kama hiyo hiyo inaweza kukuondoa bila maelezo marefu. Mkurugenzi ndiye anayetia saini vibali: nani avute maji mtoni, mti gani ukatwe, ardhi ipi irudishwe kwa watu. Wataalamu wanaweza kuwa kumi, lakini saini ni yako peke yako. Siku ya kunikabidhi ofisi, Mwenyekiti aliniambia, "Kiti hiki kina miguu mitatu: sheria, sayansi, na mimi." Tukacheka sote wawili. Nilikipenda kile kiti, nisiwafiche.

Miongoni mwa ardhi za mwanzo nilizozishughulikia ilikuwa kiwanja kimoja cha Aston, mtaa wa Birmingham, nyuma ya safu ya nyumba za matofali, palipokuwa na kiwanda kidogo cha kuchovya vyuma kwenye madini yaliyoyeyushwa ili visishike kutu, kilichofungwa zamani. Wakazi walikuwa wakiomba kupalima. Chini kulikuwa na risasi, ile metali nzito, ambayo ikiingia kwenye chakula huwadhuru watoto kuliko watu wazima. Udongo mchafu wote hauondoleki, kwa hiyo unaufukia. Unatandaza juu yake wavu wa plastiki wa rangi ya machungwa, halafu unamwaga udongo safi. Wavu hauzuii chochote. Ni alama tu, kwamba anayechimba akiuona ajue amefika mwisho, asimame.

Swali likawa kina. Mtaalamu wetu alipendekeza sentimita sitini za udongo safi. Mwongozo wa serikali uliruhusu arobaini na tano kwa bustani za kawaida, kwa hoja kwamba bamba la sepetu halifiki thelathini. Malori ya udongo safi yalikuwa adimu msimu ule, watu walikuwa wamengoja mwaka mzima, na mimi nilitaka wapande kabla majira hayajapita. Nikaandika arobaini na tano, nikatia saini. Katika mkataba wa wakulima, ulioandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, tukatia kifungu cha kukataza kuchimba kupita kina cha sepetu moja. Nikalala usingizi mzuri.

Basi pakalimwa. Waingereza wana jina lao la vibustani vile, lakini sisi sote tulipaita shamba. Walikuwapo Wasomali waliokulia Kenya, Wazanzibari, Wakongo wawili watatu, na mwenyekiti wao alikuwa Mama Hodan, mwanamke wa Garissa aliyekuwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Kiangazi cha kwanza waliniletea mchicha na msusa, yale majani ya maboga, mifuko kwa mifuko. Nikaupika kwa nazi, nikala na mume wangu, nikamlisha na mjukuu. Kila nilipopita pale nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Kiangazi cha pili, Jumamosi moja asubuhi, Mama Hodan alinipigia simu niende kuona maharagwe. Nikaenda. Alinipokea getini, akanishika mkono mpaka kwenye kibustani chake.

"Si unaona vile imepanda, dada mkurugenzi?" akasema. "Angalia hiyo fence. Iko strong, haiozi."

Maharagwe yalikuwa yamepanda kweli, yametoa maua, na yalichopandia ni wavu wa plastiki wa rangi ya machungwa. Nikageuka. Kibustani cha pili kilikuwa nao, na cha tatu vile vile.

"Wavu huu umeutoa wapi?"

"Si ni Faki. Alikuwa anachimba huko kwake akapata hii, mingi sana, akatugawia. Free kabisa."

Faki alikuwa mtu wa Wete, Pemba mwenzangu, dereva wa mabasi aliyestaafu. Akaja akitabasamu, mikono ina udongo. "Nimechimba mashimo ya maboga, dada. Si unayajua? Mpaka pajani, unajaza samadi, unafukia, boga linakwenda lenyewe. Hawa Wazungu wanakwaruza tu juu juu."

Niliyajua. Mama yangu alikuwa akiyachimba kila mwaka, na mimi mtoto nilikuwa nikitiwa ndani niikanyage samadi ishuke. Niliyajua mashimo yale kabla sijajua kusoma, na siku ya kutia saini sikuyakumbuka hata kidogo. Mwingereza aliyeandika mwongozo alikuwa na udhuru. Mimi sikuwa nao.

Nikawaambia pale pale, mbele ya watu wote, kwamba wasile tena chochote kilichoota pale, kwa sababu chini kuna risasi.

"Ngoja," alisema Mama Hodan. "Hiyo lead, wewe ulikuwa unajua iko huko chini?"

"Nilijua. Imo kwenye faili. Na wavu ule ndio ulikuwa onyo lenyewe."

"Onyo gani? Wavu inaongea? Mtoto wangu anakula hapa kila siku, wewe unakuja unachukua mboga unasema asante, na hata siku moja hukufungua mdomo!"

Jumatatu nilishika kekee mwenyewe, na maabara ikathibitisha: udongo uliozunguka mashimo ulikuwa na risasi kupita kiasi, na majani ya maboga yalikuwa nayo pia. Watoto wakapelekwa kupimwa damu, pamoja na kitinda mimba wa Mama Hodan na mjukuu wangu. Siku za kungoja majibu ziliniishia kwa kuswali na kuzungukazunguka jikoni. Majibu yalipokuja, hakukuwa na mtoto aliyehitaji matibabu. Nilishukuru Mungu kwa sauti nikiwa nimesimama ndani ya duka la dawa, watu wakanishangaa.

Wiki ile Mwenyekiti aliniita tunywe chai Moseley, jirani na kwake. Alikuwa amekwisha soma taarifa ya maabara.

"Mkataba uko wazi," akasema. "Wamechimba kupita sepetu. Futa mikataba yao, funga geti, panda nyasi. Habari imekwisha, na wewe unabaki na kiti chako."

"Na wao?"

"Wao wamevunja mkataba."

"Kosa si lao," nikamwambia. "Ni langu. Najua jinsi watu wale wanavyolima, na nikapunguza udongo."

Alikoroga chai yake. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na bodi ya kuilinda. "Ukilisema hilo mbele ya wajumbe," akasema, "sitaweza kukusaidia. Unalielewa?"

Nililielewa. Na msinifanye shujaa, kwani nilirudi nyumbani nikaandika ripoti kama alivyotaka. Ilikuwa imenyooka, kila sentensi yake ya kweli, na hapakuwa na mahali hata pamoja palipotajwa jina langu. Niliisoma mara mbili, nikaona aibu. Niliwafikiria Faki na Mama Hodan wakifungiwa geti, na barua mkononi inayowaambia kuwa wao ndio wachafuzi. Nikaichana, nikaandika nyingine.

Siku ya kikao niliisoma kwa sauti. Niliomba mambo matatu: udongo utolewe mpaka mita moja na kurudishwa ulio safi juu ya wavu mpya, mikataba ya wakulima isiguswe, na kila anayepewa kibustani aambiwe kwa mdomo, kwa lugha anayoielewa, kilichomo chini. Mjumbe mmoja akaniuliza, "Mwongozo uliruhusu arobaini na tano. Kwa nini unasema ulikosea?"

"Mwongozo haukulijua shimo la boga," nikajibu. "Mimi nalijua."

Wakapiga kura, na yote matatu yakapita. Barua yangu ilikuja wiki iliyofuata, mistari minne na shukrani ndani yake. Nililia garini, nikajifuta, nikaenda kuwaaga wachukua sampuli mmoja mmoja.

Sikukaa bure. Maabara moja ndogo ya Washwood Heath, katikati ya maghala, ilinichukua kusoma udongo, na huko nilifanya kazi mpaka nikastaafu, bila kiti kikubwa na bila mtu wa kunifungulia mlango. Nilifanya kazi nzuri kule. Vijana wanaosomea mambo haya huja kuniuliza nao wajifunze nini, na mimi huwaambia wajifunze kila kipimo kilichopo, halafu kabla ya kushika kalamu waende wakawatazame watu wa mahali pale wakilima. Wengine huandika hilo, wengine hunionea huruma kidogo kwa uzee wangu.

Nilipostaafu niliomba kibustani pale Aston. Mama Hodan ndiye aliyeshika orodha, na hakunivusha hata jina moja. Nikangoja miaka mitatu kama watu wengine. Siku ilipofika nilimkuta getini na karatasi zake. Nikanyoosha mkono nizisome.

"Hapana, dada," akasema. "Hapa hatusomi, hapa tunaongea. Chini kuna nini?"

"Risasi."

"Na ukiona wavu?"

"Nasimama, nafukia, nakuita."

"Na kwa nini wavu iko mita moja?"

Alikuwa akimuuliza hivyo kila mgeni, na kila mgeni alikuwa na jibu lake. Nyuma yake niliona wengine wameacha majembe wanasikiliza.

"Kwa sababu mara ya kwanza," nikasema, "mimi niliuweka arobaini na tano."

Akanipa ufunguo wa geti.