Mchoro Uliopanguswa kwa Leso

Saa sita mchana jua liko utosini, na sokoni Mwala hakuna kivuli cha maana. Kavata Musili anampa simu yake mwanamke aliyetoka tu kufunga punda, kisha anakaza macho kwenye kidole gumba cha mama huyo. Anataka kuona kama kitapangusa kioo.

Kinapangusa. Kavata anaguna, anashukuru, anairudisha simu mfukoni. Mchoro mpya aliouweka kwenye kioo hicho umeanguka mtihani.

Kavata, mwenye umri wa miaka 28, huchora mapambo yanayokaa nyuma ya maandishi na vitufe kwenye programu za simu: mawimbi, madoa, michoro isiyo picha ya kitu chochote. Alianza kwa kupaka rangi mabango ya maduka katika mji wa Tala, kabla ya kusomea usanifu mjini Machakos. Mwezi ukiwa mbaya, hata kodi ya chumba humshinda.

“Watu huniuliza, ‘Kwani hiyo ni kazi?’ Mimi huwaambia wafikirie hiyo simu ingekaa aje bila mimi,” anasema akicheka.

Majuzi alipata kazi iliyomgusa moyo: programu ya kikundi cha maji cha kwao Mwala, ambayo wanachama huitumia kujiwekea zamu kwenye bomba la bwawa la mchanga, ukuta uliojengwa mtoni ili maji yabaki ndani ya mchanga. Akachora vitone vidogo vya hudhurungi, kama mchanga wa mto alikochota maji utotoni. Katika ofisi ya mafundi wa programu, mjini, kila mtu alimsifu. Lakini ofisini hakuna vumbi.

Wanachama waliviona vitone, wakadhani kioo kimechafuka, wakapangusa. Na kwenye programu hiyo, ukipitisha kidole juu ya zamu yako umeifuta.

Wa kwanza kuumia alikuwa mama yake mzazi, Nzembi. Alifika bombani na punda na mitungi, akaambiwa hana zamu.

“Niliona simu iko na vumbi, nikapangusa na leso vile mimi hufanya,” anasema Nzembi. “Kumbe nimepangusa maji yangu! Nilirudi na mitungi mitupu, na watu wote wanajua ni mtoto wangu alichora hiyo kitu. Niliona aibu.”

Kavata alilia. Mwenyekiti wa kikundi, Urbanus Kioko, hakumficha kitu: Jumamosi wataamua kama wataiacha programu na kurudia kupanga mitungi foleni. “Hiyo kitu ni nzuri, lakini watu wanataka maji,” anasema.

Kubadilisha namna ya kufuta zamu ni kazi ya mafundi, nao wanasema itachukua muda. Wenzake walimshauri aondoe mapambo yote, abakishe weupe mtupu. Akakataa katakata.

“Watu wa Nairobi wawe na kitu ya kupendeza, halafu Mwaitu apewe karatasi tupu?” anauliza, akimtaja mamake kwa Kikamba. “Hapana. Hiyo siwezi.”

Alasiri anafika nyumbani na mchoro mwingine, wa mikunjo mipana ya rangi, bila kitone hata kimoja. Nzembi ametoka shambani, leso begani. Anapokea simu. Mkono wake unaiendea leso.

Nzembi anajifuta vidole, kisha anabonyeza. Amepata zamu ya Ijumaa asubuhi.

“Mwaitu, na michoro umeionaje?”

“Michoro gani?”

Kavata anacheka, ingawa imemchoma kidogo. Jumamosi atasimama mbele ya kikundi na simu hiyo mkononi, na anaomba mkutano mzima umuulize swali hilohilo la Mwaitu.