Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Juzi nilikwenda Muheza kwa mfanyabiashara mmoja wa machungwa kuchukua barua ya mzigo wangu. Mezani palikuwa na kompyuta mpya, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi. Pembeni yake karani alikuwa akiiandika barua yangu kwa kalamu.

"Utepe wa taipureta umeisha, kaka," akaniomba radhi.

"Na hiyo kompyuta?"

Tajiri mwenyewe akadakia, huku akilinyoosha pindo la kitambaa. "Hiyo haiguswi, humu hajaisomea mtu. Na utepe usubiri mwakani. Bajeti yote nimeshaitia kwenye teknolojia."

Nikampa hongera. Enzi za foleni tulikosa vitu kwa kuwa maduka yalikuwa matupu. Sasa biashara ni huria, tunavikosa vikiwa mezani.