Ndugu wa Tumbo Moja

Kaka yetu aliyeko Ubelgiji alimwita mdogo wetu wa mwisho akasome na kukaa kwake. Mimi, dada yao mkubwa, niliyembeba kaka huyo mgongoni mama alipovuka mpaka kwenda kuuza mboga Goma, hakuniuliza hata kama nina pasipoti.

Kikwazo kikawa majina. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake, la ukoo hatuna, na ubalozi haukuamini kwamba hao wawili ni ndugu. Ikatakiwa mtu wa familia aape mbele ya notari wa sekta, ofisa wa kata anayeshuhudia viapo, na kiapo kiambatanishwe na maombi ya viza. Wazazi hawapo tena, kwa hiyo mtu huyo nikawa mimi.

Njia nzima mdogo wangu, picha zake za viza mkononi, alizopigwa akiwa amevaa blauzi yangu, aliniuliza kama huko kuna baridi kushinda kwetu Nyundo. Nimjibu nini? Mimi nimefika wapi?

Notari alitutazama kwa zamu.

“Bon, mama, uko na hakika huyu ni mudogo wako wa tumbo moja?”

“Angekuwa mtoto wa jirani,” nikamwambia, “ningeifurahia safari yake.”