Nilipochoma Ngitili Yetu

Harufu ya funza wa pamba waliozama kwenye maji ya majivu haifanani na nyingine yoyote ninayoijua. Ni ya majani mabichi yaliyopondwa, yenye uchachu kidogo, na inang'ang'ania vidoleni hata ukinawa kwa sabuni. Mwanzoni mwa miaka ya tisini ilijaa nyumbani kwetu, upande wa Kolandoto, msimu mzima. Niliileta mimi.

Kando ya shamba letu la pamba palikuwa na ngitili, yaani nyasi ambazo sisi Wasukuma wenye ng'ombe tulizitenga zisilishwe mpaka kiangazi kikali. Wachungaji tulikuwa na kawaida yetu: mawingu ya kwanza yakionekana, tunachoma nyasi kavu zilizobaki, mvua inanyesha ndani ya wiki, na ndama wanapata chipukizi laini. Mwaka ule baba alikuwa Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Mimi, mwanafunzi wa kidato cha pili, nilikuwa nimerudi likizo ya Desemba nikijiona ndiye mwenye mji. Mawingu yakatanda. Mama akasema, "Subiri, Masanja. Siku hizi mawingu yanatudanganya." Miaka miwili mfululizo mvua ilikuwa imechelewa, na yeye ndiye aliyeshika jembe miaka hiyo yote. Nikamjibu, "Mama, nimesoma jiografia." Nikawasha kiberiti.

Mvua haikuja wiki ile, wala mwezi ule. Upepo ulipeperusha majivu mpaka kwenye vyungu vya maji, na ardhi ikabaki nyeusi, tupu. Nilirudi shule Januari ndama wawili wakiwa wameshakufa, nikijiambia kwamba mvua ikinyesha yote yatakaa sawa.

Likizo fupi ya Pasaka nilimkuta mdogo wangu Kabula, wa darasa la pili, yuko shambani na kopo la maji ya majivu mkononi, wakati shule yao ilikuwa haijafunga. Alikuwa akitoa funza kwenye vitumba, mmoja mmoja. Mvua ilikuwa imekuja hatimaye, kwa fujo, na joto juu yake. Mahindi yalishakauka, pamba tuliyochelewa kuipanda ndiyo pekee iliyosimama, nayo ilikuwa ikiliwa.

"Kopo la ngapi hilo?" nikamuuliza.

"La nne. Hebu nisaidie kuhesabu, kaka msomi. Mimi naishia mia."

Mama hakucheka. Aliendelea kupekua majani huku ameinama. "Zamani ndege walitoka kwenye zile nyasi alfajiri, wakashuka humu. Nyigu nao walibeba funza wakawalishe watoto wao. Sisi tulipalilia tu. Sasa ndege ni Kabula."

"Na shule?"

"Funza hawafungi shule."

Tulianza upande wa barabara. Siku tulipofika upande wa pili, ule wa kwanza ulikuwa umejaa tena. Dawa ya kunyunyizia hatukuwa nayo. Kung'oa pamba kulikuwa kukubali njaa, na kuendelea kulikuwa kumfunga Kabula kwenye mistari ile, jua likimchoma kisogo. Nikasema nitabaki mimi, yeye arudi darasani. Mama akakataa: "Baba yako amesema wewe usome." Nikakubali haraka mno. Moto niliuwasha kwa ujinga, lakini siku ile nilijua ninachofanya.

Kabula hakurudi shule. Msimu uliofuata nyasi zilichipua haba, mvua ikachelewa tena, na kopo likatolewa tena.

Sasa nina mvi, na wajukuu wananiita guku. Hakuna anayethubutu kuisoma mvua kwa macho. Majirani wanabeba bomba la dawa mgongoni tangu pamba ikiwa changa, na dawa hiyo inaua hata nyigu, kisha funza wanarudi. Mimi nimetenga tena kipande cha ngitili. Miaka yenye mvua ya kutosha ndege wanaonekana. Ya ukame hakuna kitu.

Kabula analima jirani yangu. Juzi alikuja na simu yake yenye ujumbe wa utabiri wa hali ya hewa. "Kaka, nisomee." Nikamsomea kwamba mvua zitachelewa. Akaweka kidole chenye sugu juu ya kioo.

"Neno mvua ni lipi hapo?"

Nikamwonyesha.