Faili la Maiti na Mlango wa Uani

Kazi yangu ilikuwa kusoma programu zilizokufa. Nilipanga chumba Kibaha, na kila asubuhi nilikwenda mjini, kwenye ofisi iliyokuwa na kompyuta katika miaka ile ambayo hata sabuni ilikuwa ya foleni. Watu walidhani najua mambo makubwa. Nilichojua ni hiki: programu ikianguka katikati ya kazi, mashine huandika kwenye faili yale yaliyokuwa ndani ya kumbukumbu yake wakati ule ule wa kuanguka. Faili hilo tuliliita maiti, kwa utani wa kazini ambao siku hizi siupendi.

Maiti peke yake haisemi yote. Inabeba yale yaliyokuwa yakibadilika: hesabu ilipofikia, jina lililokuwa likisomwa. Yasiyobadilika, yaani maagizo yenyewe ya programu, hayanakiliwi humo. Yamo kwenye faili la programu. Kwa hiyo chombo chetu cha kutafutia makosa kilipewa mafaili yote mawili. Ukikiuliza kuna nini katika anwani fulani, kinatazama kwanza anwani hiyo iko katika faili lipi, kisha kinakwenda kusoma humo. Balaa ni pale mtu anapokuwa amekwisha kuijenga programu upya. Anwani ni ile ile, lakini palipokuwa na sebule sasa pana choo. Na mashine haina haya, inakujibu tu.

Mama yangu aliishi Mzenga, katika nyumba tuliyojenga tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Kabla ya masika kiharusi kilimlaza. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akimuuguza huku ananyonyesha, akaniletea habari kwamba mama amerudiwa na sauti, ila anarudia maneno yale yale tu. Nikapanda treni.

"Shikamoo, mama."

"Mfunikeni mtoto," alisema. "Mvua inakuja. Hapo kushoto, mlango wa uani."

Kushoto kwa mlango wa uani ndipo mdogo wangu alipomlaza mwanawe kwenye mkeka. Tukamfunika khanga. Mama akasema tena. Tukaongeza ya pili, mtoto akatoka jasho, akaangua kilio.

"Siyo huyo," mama alisema, chozi likimtoka jicho moja.

"Dada, akili imeshaondoka," mdogo wangu alininong'oneza.

Nikakubali. Lilikuwa jibu jepesi, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikarudi kazini.

Wiki ile programu moja ikafa. Nikaisoma maiti yake nusu siku nzima, na kila nilichouliza kilijibiwa upuuzi ulionyooka vizuri kabisa. Nikaitukana mashine matusi ya kwetu. Ndipo nikatazama tarehe za mafaili: programu ilikuwa imejengwa upya baada ya ile kufa. Nilikuwa nasoma kumbukumbu ya zamani kwa kutumia nyumba mpya. Nikaondoa mikono kwenye vitufe. Mama alikuwa na mlango mwingine wa uani.

Ulikuwa wa nyumba ya zamani, tuliyoiacha ikawa mahame. Kushoto kwake alizikwa kaka yangu, mzaliwa wa kwanza, aliyekufa mchanga kabla mimi sijazaliwa. Kila masika mama alilitandazia kaburi lile makuti, ili mvua isiuchimbue mchanga. Hata baada ya kuhamishwa aliendelea kwenda, akituaga kwamba anakwenda kuangalia mikorosho yake. Mdogo wangu hakuijua nyumba ile. Alihama akiwa mgongoni. Faili la pili lilibaki kwangu peke yangu.

Nikaomba ruhusa, nikashuka Mzenga mvua imekwisha nitangulia. Nikajitwika makuti hadi mahame. Hapakuwa na ukuta wala kizingiti. Tangu mama alale, trekta la shamba la kijiji lilikuwa limepita, na mihogo michanga ilisimama mistari kila mahali. Nikautafuta mkorosho wa uani, nikapata kisiki. Kutoka kwenye kisiki nikakisia mlango, kutoka mlangoni nikakisia kushoto, nikayatandaza makuti juu ya mihogo ya watu na kuyakandamiza kwa mawe. Nililia, na hasira ilikuwa nyingi kuliko huzuni.

Nikarudi nikichuruzika maji, nikakaa kitandani kwake.

"Mama, nimemfunika. Yule wa mahame."

Akageuza uso, akanitazama mimi hasa, kwa mara ya kwanza tangu augue.

"Amelowa?"

"Hajalowa."

"Ulimwona?"

"Nilimwona, mama."

Akaushika mkono wangu uliolowa, akafumba macho. Hakuuliza tena, na Ijumaa iliyofuata tulimzika. Mpaka leo sijui kama nilifunika kaburi la kaka yangu au tuta la mihogo, na hakuna aliyebaki wa kumuuliza.