Ndugu kwa Amri

Mama yangu alizaliwa upande wa pili wa mpaka, karibu na Kisumu, akaolewa Mwanza na baba, fundi wa meli za ziwani. Umoja wa zamani wa nchi tatu ulipovunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Shuleni, kwenye mchakamchaka wa asubuhi, tuliimbishwa kwamba majirani wale ni manyang'au. Kisha nilirudi nyumbani kula ugali uliosongwa na binti yao.

Mpaka ukiwa bado umefungwa, bibi mzaa mama akafariki. Habari ililetwa na mvuvi. Nilifuatana na mama kwenda kuomba kibali cha kuvuka. Ofisa, kijana aliyevaa suti ya Kaunda, hakumpa hata kiti.

"Serikali haina uhusiano na watu wale," alisema. "Mlilie hapahapa."

Mama akaweka msiba Mwanza, hakuna kaburi, hakuna ndugu yake hata mmoja.

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu Buzuruga, palepale Mwanza. Ofisa yuleyule, sasa mnene na mwenye tai, akaja shuleni. Serikali ilitaka umoja ule ufufuliwe, na wageni kutoka Kenya walikuwa njiani. Akatuagiza tuwafundishe watoto nyimbo za undugu.

"Wenzetu wamebadilika nini, mzee?" nikamuuliza.

"Hawajabadilika. Sisi ndio tunataka kuungana nao. Huwezi kumtukana mtu unayeomba kukaa naye meza moja. Siasa ya nje ndivyo ilivyo, mwalimu."

"Na waliokatazwa kuzika?"

Akafunga mkoba wake. "Hayo yalishapita."

Nilikataa kufundisha nyimbo zile. Mwalimu mkuu akampa mwenzangu kazi hiyo, nami nikapewa onyo. Watoto waliimba vizuri, wageni wakapiga makofi, na ofisa yule alipiga kuliko wote. Nilitamani kumshika ile tai.

Likizo ilipofika nikampeleka mama kwao, mara ya kwanza tangu mpaka ufunguliwe, tukapitia kituo cha mpakani cha Sirari. Hakuna aliyetuzuia. Mjomba, kaka yake mama, alitupeleka kaburini, katikati ya mahindi.

"Tulikungoja mpaka maiti ikaanza kuharibika," alisema.

"Nilikatazwa, kaka."

"Na sasa wamewaruhusu kutupenda?"

Mama alipiga magoti, akaanza kung'oa magugu juu ya kaburi. Mimi nilisimama pembeni na hasira yangu, na wa kumtolea hayupo.